Mstari wa 14 haubandikwi kwenye bajaji

Mbeya ni mji wa maandishi. Simama Kabwe saa kumi na mbili jioni, bajaji zikigombania abiria, usome vioo vya nyuma. Utakuta majina ya timu, majina ya wasanii, jina la mtoto wa kwanza wa dereva, na katikati ya hayo yote mstari unaoongoza kwa kubandikwa: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wengine stika huwaishia njiani, wanaandika "Nayaweza mambo yote" basi, na hapo sijui tena kama anayesema ni Paulo au dereva.

Sina ugomvi na mstari huo. Ugomvi wangu ni pale unapokatwa. Wafilipi 4:13 ni maneno ya mfungwa. Kabla ya kufika hapo ameshasema kwamba amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Na akishasema anayaweza mambo yote, hapo hapo anaendelea, mstari wa 14: "Lakini, mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Kumbe huyu anayeyaweza mambo yote alikuwa na watu. Kanisa la Filipi lilichanga, likamtuma Epafrodito apeleke, na Epafrodito mwenyewe akaugua akawa karibu kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Nguvu anayoisimulia Paulo ilimfikia gerezani kwa miguu ya mtu.

Mstari wa 14 sijauona kwenye bajaji hata moja.

Ninachotaka kusema ni hiki. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kama imani ya Kikristo imewapa watu nguvu ya kuvumilia na sababu ya kuamka asubuhi, imefanya hivyo zaidi kwa kumpa kila mtu zamu: ya kufagia kanisa, ya kumtembelea mgonjwa, ya kushika daftari, ya kuimba besi msibani saa nane usiku. Wanaotafuta nguvu hiyo kwenye mkesha mmoja mkubwa wanaitafuta mahali ambapo hupatikana kidogo na haikai.

Chukua jumuiya. Wakatoliki wanazo, Walutheri wanazo, Wamoravian wana mikutano yao ya majumbani, na siku na taratibu zinatofautiana kidogo tu. Ni Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Tukuyu au Njombe ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam haiamini mpaka imshike. Watu kumi na wawili wamebanana sebuleni kwa mtu, viti vingine vimeazimwa kwa jirani. Kina mama wamejifunga vitenge juu ya masweta. Wanaume ni wawili, wamekaa karibu na mlango kama watu waliokuja kuulizia kitu. Wimbo, Neno, maombi. Kisha katibu anafungua kauntabuku lenye jalada lililoanza kuchanika na kuita majina. Jina moja haliitikiwi.

"Bibi wa kule juu hii ni mara ya pili hajaonekana. Nani amepita kwake?"

Kimya. Mmoja anasema amesikia mguu unamsumbua.

"Basi mama, wewe na mwenzako mtapita leo mkitoka hapa. Mchele uko kwa mweka hazina, kilo mbili. Mwambieni tumemkumbuka."

Sadaka inahesabiwa mbele ya wote, inaandikwa, daftari linafungwa, watu wanatawanyika kwenda mashambani. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyelia, na kama ungekuja na kamera ungerudi bila picha ya maana.

Lakini mwangalie huyu mama aliyetumwa. Nyumbani kwake kuna mume anayekunywa, marejesho ya vikoba yamechelewa, na robo ya viazi vyake imekufa kwa mnyauko. Angebaki kwake asubuhi hiyo angeshinda na hayo matatu kichwani. Badala yake amepewa safari ya kupanda mlima na kilo mbili za mchele za mtu mwingine. Kwa nusu siku yeye si mwenye shida, yeye ndiye aliyetumwa kwa mwenye shida. Mtu akiitwa kwa jina, akakabidhiwa kitu, akaaminiwa kwamba kitafika, mgongo wake hunyooka. Nimeliona hilo kwa watu ambao mahubiri ya saa mbili hayakuwa yamewafanya kitu. Kesho kutwa akikosekana yeye, watu wawili watagonga mlango wake. Hilo nalo analijua, na linamsaidia kulala.

Wapo watakaonijibu kwamba ninaipunguza imani iwe chama cha kuzikana. Historia ya makanisa ya huku hainiruhusu kukubali.

Wamoravian wenyewe, ambao leo ni sehemu ya sura ya Mbeya kama ulivyo mlima Loleza, walianza upya kwa zamu. Agosti 1727 huko Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 walijigawia saa za usiku na mchana ili maombi yasikatike, kila mtu na saa yake. Desturi hiyo inasimuliwa kuwa ilidumu zaidi ya miaka 100. Ni kutoka kwenye kanisa hilo wamisionari walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin nayo ilianza kazi Unyakyusa, na baadaye ikapanda Ukinga, Ubena na Uhehe. Hayo tunayasherehekea kwenye jubilei, kwa fulana na keki.

Mwaka ambao hatuushonei fulana ni 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilifika huku, Waingereza wakaingia kutoka upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Sharika zilizokuwa na umri wa miaka 25, nyingine chini ya hapo, zikaamka asubuhi bila wale waliozianzisha. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisaidia kuangalia, lakini walikuwa wachache na milima ni mingi. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920.

Kwa hiyo kwa karibu miaka kumi, mzigo wa kila siku ulibebwa na nani? Na walimu wa shule za vijijini, wazee wa kanisa, na wake zao. Walikuwa ni watu waliofundishwa kusoma na kuimba, kisha wakakabidhiwa kijiji: hawa ni wa kwako, uwaangalie. Hawakuwa na redio wala vipaza sauti, na kipindi hicho kilikuwa na njaa ya vita na homa kubwa ya mafua ya 1918. Watoto walifundishwa, wafu walizikwa, Jumapili ilitunzwa. Wamisionari waliporudi walikuta kanisa. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 mambo yakajirudia, Wajerumani wakawekwa kizuizini, na kazi ikaendelea kwa mikono ya wenyeji. Mimi naamini Ukristo wa Nyanda za Juu Kusini uligeuka kuwa wa wenyeji katika ile miaka kumi ya ukimya kuliko katika ile 25 ya kelele iliyoitangulia. Kanisa ambalo nguvu zake zote ziko kwa mhubiri mmoja mwenye kipawa lisingevuka 1916. Fikiria huduma mbili tatu unazozijua leo, halafu umwondoe kiongozi wake kwa miezi sita tu.

Nije karibu zaidi na sisi, kwenye jambo ambalo limeipima imani ya huku kuliko vita.

Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wenye miaka 15 na zaidi nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya kwanza kwa maambukizi ni majirani, yote iko kwetu, na yote imejaa makanisa. Takwimu hizo hazifurahishi kuzisoma ukiwa Mkristo wa huku, na si haki kuziruka haraka. Barabara kuu ya Zambia, biashara ya mbao na mazao, vibarua wanaohama, wanaume wengi wasiotahiriwa zamani, pombe, yote yamechangia. Mahubiri dhidi ya uzinzi hatukukosa hata wiki moja.

Miaka ya 1990 kuelekea 2000, Makete, ambayo leo ni wilaya ya mkoa wa Njombe, ilikuwa na vijiji ambavyo kizazi cha katikati kilikuwa kimetoweka, mabibi wakilea wajukuu sita, saba. Mimbari nyingi mwanzoni ziliuita ugonjwa huo adhabu, na tusijifanye hatukumbuki. Waliobadilisha hali hawakuwa wahubiri. Hospitali za kanisa, Ikonda ya wamisionari Wakatoliki wa Konsolata, Bulongwa na Ilembula za Walutheri, ziliendelea kupokea watu ambao ndugu zao walishawatenga. Na kina mama wa jumuiya waliendelea kwenda na ndoo ya maji na sabuni kumwogesha mtu ambaye wengine waliogopa kumpa mkono. Walikuwa kwenye zamu. Wangeulizwa kama hawaogopi wangesema wanaogopa.

Dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure kwa mpango wa serikali mwaka 2004, na hapo jaribu likabadilika sura. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Masapila, aliyenywesha watu dawa ya mitishamba iliyosemwa inaponya hata UKIMWI, kikombe shilingi 500. Kutoka huku watu walikodi magari, safari ya siku nyingi, wakarudi na ushuhuda. Baadhi waliacha dawa. Sihitaji kusimulia kilichofuata. Karibu kila ukoo una wake. Na ingawa kikombe kilipita, sauti ile bado ipo, leo iko kwenye mafuta, kesho kwenye maji, keshokutwa kwenye kitambaa: umepona, tupa dawa. Mtu yeyote anayesema hivyo madhabahuni anaua, na kanisa linalomkaribisha limeshika miguu ya marehemu.

Linganisha na mama mmoja wa Igawilo ninayemfahamu. Saa tatu kamili usiku simu yake inalia, mlio wa kengele. Anapunguza moto wa jiko, anakaa kitandani, anaomba sala fupi ambayo haina hata neno uponyaji ndani yake, anameza kidonge, anarudi kwenye ugali. Siku ya kliniki anasindikizwa na mwanajumuiya mwenzake ambaye naye ana kadi yake. Ukimwuliza kama Mungu amemponya atakwambia, "Mungu ananitunza, mwanangu," na atakuonyesha mtoto wake wa mwisho aliyezaliwa bila maambukizi. Miaka mingi sasa. Nani ana imani kubwa zaidi, huyu au yule aliyetupa chupa ya vidonge jukwaani mbele ya kamera? Najua jibu langu.

Nisiwaonee Wapentekoste. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, na lile la SIDO lilipoungua zaidi ya mara moja miaka iliyofuata, wapo wafanyabiashara waliorudi nyumbani bila hata meza. Mtu wa namna hiyo akiingia kwenye kanisa la zamani Jumapili anapewa tangazo la mchango wa paa. Akiingia kwenye turubai la maombi Ilomba, mtu anamshika kichwa, anamwita kwa jina, analia naye. Sasa tumlaumu kwa kuhama? Makanisa mengi ya kiroho madogo, yale ya watu arobaini kwenye banda la mabati, yana zamu kali kuliko sisi: kila mtu anafunga siku yake, kila mtu ana mgonjwa wake wa kumwombea, na ukikosa ibada mbili mchungaji mwenyewe anapanda bodaboda.

Tatizo liko kwa wale wanaouza nguvu. "Panda mbegu," wanasema, na mbegu ni laki moja. Mkulima wa Mbozi anaijua mbegu kuliko yeyote: huipandi kwenye shamba la jirani halafu ukasubiri kuvuna kwako. Lakini akiwa na dhiki, mahindi yameshuka bei, mtoto amepangiwa chuo, akili hiyo anaiacha mlangoni. Mavuno yasipokuja anaambiwa imani yake ina doa. Hapo ndipo ukatili ulipo. Alikuja na shida moja, anaondoka na mbili, ya pesa na ya kujilaumu, na ya pili haina wa kumsaidia kuibeba kwa sababu mfumo wenyewe haukumpa wenzake, ulimpa jukwaa la kutazama.

Na hili la kusudi la maisha, ambalo siku hizi lina semina na kiingilio. Wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya wanalipenda: gundua kusudi lako, wewe umezaliwa kwa jambo kubwa. Sikatai kwamba Mungu humwita mtu. Ila nimewasikiliza vijana wakitoka humo wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia, kwa sababu kusudi waliloelezwa ni kama la waziri au mmiliki wa kampuni, na wao kesho yake wanarudi kufundisha tuisheni kwa elfu tatu au kupakia mbao Mafinga. Paulo huyuhuyu aliwaandikia watumwa wa Kolosai, watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuchagua kazi hata siku moja, kwamba lolote wafanyalo walifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Unaweza kuligeuza hilo likawa fimbo ya kuwanyamazisha wanyonge, na limegeuzwa mara nyingi. Lakini lina upande mwingine mkali: kazi ya mtumwa, hata ile isiyoonekana, ina anayeitazama. Kwa hiyo na mizani ya bwana wake inatazamwa.

Mizani ninaitaja makusudi. Nenda Uyole au Isyonje wakati wa viazi. Gunia lililopaswa kuishia kwenye mshono linashonewa kofia ya juu, lumbesa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua, na kila msimu lumbesa ipo. Dalali anayesimamia ujazaji ule Jumamosi, Jumapili unamkuta amevaa suti, mzee wa kanisa, anashika kapu la sadaka. Simsemi mtu mmoja, ni hali. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya lumbesa, ingawa Mithali ina mstari mzima kuhusu mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana. Tumehubiri juu ya sketi fupi mara ngapi? Mkulima anayeibiwa kilo ishirini kila gunia na mtu anayesali naye, ukimwambia atafute nguvu katika Bwana, ana haki ya kukuuliza Bwana yupi.

Makanisa yetu ya zamani yana ugonjwa wao, na nauandika nikiwa ndani. Zamu imegeuka bahasha. Bahasha ya ahadi, ya jengo, ya mavuno, ya wiki ya vijana, ya kumuaga mchungaji, ya kumpokea anayekuja. Mnada wa mavuno ambao zamani ulikuwa furaha, mama analeta jogoo, mwalimu ananunua kwa bei ya kuchekesha kisha anamrudisha madhabahuni auzwe tena, siku hizi mahali pengi umekuwa na lengo lililopangwa juu na orodha ya waliolifikia. Kuna sharika ambako marehemu akifa ahadi yake haijakamilika, familia inaambiwa maneno ya kuudhi kabla jeneza halijaingia. Mtu aliyehesabiwa kwa bahasha hawezi kutumwa kwa mgonjwa. Anajificha, kwa sababu kila anayegonga mlango wake huenda amekuja kudai.

Halafu migogoro. Mwaka 2022 Dayosisi ya Konde ya KKKT ilipasuka hadharani, moja ya sababu ikiwa makao makuu yakae Tukuyu au yahamie Mbeya mjini. Tulisoma magazetini mambo ambayo yangepaswa kuishia vikaoni. Wengi waliumia. Lakini hata wakati ule, jumuiya kule Busokelo hazikusimama, wagonjwa walitembelewa, misiba iliimbiwa. Waliokuwa na cheo waligombana, waliokuwa na zamu waliendelea. Wengi wa hao wa pili ni wanawake, na ukienda kwenye meza ya baraza la wazee utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wanabeba kanisa na hawaulizwi linaelekea wapi.

Kundi linalonitia wasiwasi kuliko yote ni vijana, hasa wa kiume, wa umri wa miaka kati ya 20 na 35. Kanisa limewapa kwaya na limewapa mchango, basi. Kwenye ratiba ya Jumapili wanatajwa kama "vijana wetu watatuhudumia kubeba viti". Mwenye miaka 32, ana watoto wawili, ana bajaji yake mwenyewe, bado ni kijana wa kubeba viti. Akikaa kijiweni anaombwa ushauri. Akikaa kanisani anaombwa kunyamaza. Matokeo yake tunayaona: anaiheshimu imani, anaibandika kwenye kioo, na miguu yake haiji.

Katika hili Wanyakyusa walikuwa na jambo ambalo wamisionari waliliona bila kulielewa sana. Wavulana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakalala huko, wakajifunza kuishi pamoja na kuhukumiana. Na baadaye, wakishaoa na kukomaa, ilifika sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi ardhi na uongozi kwa kizazi cha wana, baba wakiwa bado hai, wakiangalia. Monica na Godfrey Wilson, waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930, waliyaandika haya kwa kirefu. Yalikuwa na ubaya wake na sitaki tuyarudishe. Mabinti, kwa mfano, hawakukabidhiwa chochote. Lakini jamii ile ilijua kwamba mtu mzima asiyekabidhiwa kitu ataharibika au ataharibu.

Sisi tunakabidhi nini? Nimewahi kulitoa pendekezo hili kwenye kikao na likapita kwenye "mengineyo", lakini nalirudia: mfuko wa mazishi wa usharika, ambao ndio wenye fedha za kweli na unaogusa kila nyumba, uendeshwe na watu wasiozidi miaka 35, wanaume na wanawake nusu kwa nusu, wenye sahihi benki, wanaosoma hesabu mbele ya kanisa kila robo mwaka. Wazee wabaki na haki ya kukagua. Hofu ya kwanza niliyosikia ilikuwa, "Wataiba." Inawezekana. Ila mfuko huo umeshasimamiwa na wazee kwa miaka, na mkaguzi wa mwisho kuukagua hakuna anayekumbuka alikuja lini. Hofu ya pili ilikuwa kwamba vijana hawana muda, wako kwenye utafutaji. Dereva wa bajaji anajua nyumba zote za mtaa, anajua nani kalazwa na nani amefiwa kabla mwinjilisti hajaambiwa, na anaweza kufika kwa mfiwa ndani ya robo saa, usiku, mvua ikinyesha. Kama tunatafuta Epafrodito, chombo cha usafiri tayari anacho.